Duka la Garissa, Jina Liishie na Mkia Gani?

HEBU tuseme mama yako anaishi Garissa, mtaa wa Bula Iftin, na kazi yake ni kutengeneza nyirinyiri. Bila shaka unaijua: nyama ya ngamia inayokatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa juani hadi ikakauka, ikakatwakatwa tena, ikakaangwa na kutiwa viungo, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta ili idumu hata pasipo jokofu. Wewe mwanawe unasoma chuo kikuu jijini Nairobi. Kila wiki basi huja na mikebe kupitia Mwingi na Thika, nawe huipokea Eastleigh na kuwafikishia wateja wa South C, Pangani na kwingineko. Biashara imepanuka. Simu hazikomi kulia. Siku moja jamaa mnakubaliana kwamba nyirinyiri ya mama sasa yafaa iwe na tovuti yake katika intaneti.

Jina mmekwisha kulipata. Kinachowakwamisha ni kile kijineno kifupi kinachofuata nukta ya mwisho. Kaka yako anataka .com, kwa sababu eti ndiyo inayojulikana na kila mtu. Binamu yenu aliye Minneapolis anapendekeza .so, ambayo ni ya Somalia, maana wateja wengi ni Wasomali. Rafiki yako wa darasani amesikia kwamba kuna majina ya bure. Mama anayasikiliza yote hayo kwa simu, kisha anauliza swali moja tu: "Sasa huyo mtu asiyetujua, atajuaje kwamba duka ni letu?"

Swali la mama ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na ndilo litakalotuongoza katika makala haya. Wataalamu hukiita kijineno hicho kiendelezi cha kikoa. Sisi tutakiita mkia, ili tuelewane.

Jina lisomwavyo

Katika nyumba nyingi za Kaskazini Mashariki mtoto wa Kisomali hufundishwa tangu utotoni kuhesabu nasaba yake: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, hadi afike kwa mzee wa ukoo. Kompyuta nayo huisoma nasaba ya tovuti, ila huanzia kule mwisho, kwa mzee mwenyewe. Ukiandika garissa.go.ke, ambayo ni anwani ya serikali ya Kaunti ya Garissa, kompyuta huanza na .ke na kuuliza ni nani anayetunza majina ya Kenya. Ikishajibiwa, huuliza habari za .go, ukoo wa serikali. Mwisho kabisa ndipo huuliza Garissa yuko wapi. Maulizo yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho.

Maana yake ni kwamba mkia si pambo. Anayetunza mkia ndiye mwenye daftari ambamo jina lako limeandikwa. Daftari hilo likipata hitilafu, duka lako halionekani tena, hata ikiwa kompyuta inayolihifadhi ni nzima na inafanya kazi barabara.

Daftari la .ke lilifunguliwa mwaka 1993, wakati intaneti ilikuwa bado haijawafikia wananchi wa kawaida hapa Kenya. Waliolishughulikia ni Dkt. Shem Ochuodho, ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Rangwe, pamoja na Mmarekani Randy Bush kwa upande wa ufundi. Mwaka 2002 daftari likakabidhiwa shirika la KeNIC, ambalo halikuundwa kwa kutafuta faida, nalo ndilo linalolitunza. Wewe mwananchi kwa kawaida hununui jina kwa KeNIC moja kwa moja. Unalinunua kwa mmoja wa mawakala wake, na bei ya .co.ke huwa karibu shilingi elfu moja kwa mwaka, ikipanda au kushuka kwa kutegemea wakala.

Ndani ya .ke mna koo mbalimbali. Wafanyabiashara huingia .co.ke, na ndio walio wengi kupita wote. Vyama na mashirika yasiyotafuta faida yana .or.ke, mtu binafsi ana .me.ke, na tangu mwaka 2017 imewezekana kuandikisha jina likaishia .ke moja kwa moja, bila ya ukoo katikati. Koo tatu zina mlinzi mlangoni: .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ni ya vyuo, na .sc.ke ni ya shule. Hizo hupewi mpaka utoe hati za kuthibitisha kwamba wewe ndiye unayesema ndiye.

Chuo Kikuu cha Garissa, kwa mfano, kiko gau.ac.ke. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017, miaka miwili baada ya shambulio la Aprili 2, 2015, ambalo liliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Naitaja siku hiyo kwa sababu inahusu shughuli yetu kuliko mtu awezavyo kudhani. Mgeni wa mbali akiandika neno "Garissa" kwenye kompyuta yake, mara nyingi huzuni ile ndiyo inayomtangulia. Soko la mifugo, ambalo ni miongoni mwa makubwa katika Afrika Mashariki, hulioni upesi. Maembe na ndizi za kandokando ya Mto Tana hulioni shamba lake. Mama zetu wa maziwa na nyirinyiri ndio hawapo kabisa. Kila duka la kweli linalojiandikisha kwa jina lake na kwa anwani yake huongeza jambo moja jingine la kusomwa kuhusu mji huo.

Mkia wa .so

Turudi kwa binamu wa Minneapolis, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Mkia wa .so uliandikishwa mwaka 1997, Somalia ikiwa haina serikali kuu, na kwa miaka mingi ukawa kama duka lililofungwa. Mwishoni mwa mwaka 2010 ndipo ulipofunguliwa kwa wanunuzi wa dunia nzima. Ajabu ni kwamba walioukimbilia hawakuwa Wasomali peke yao. Herufi hizo mbili ni neno katika Kiingereza, basi makampuni ya Marekani yakazipenda kwa utamu wa kutamka. Kampuni ya Notion ya California ilijulikana kwa miaka mingi kwa anwani ya notion.so. Tarehe 12 Februari 2021 watumiaji wake duniani kote walikuta haipatikani kwa muda, na tatizo lilikuwa huko kwenye majina ya mkia ule. Kampuni kubwa kama hiyo ilikuwa na wataalamu wa kupiga simu usiku kucha. Mama wa Bula Iftin ana wewe tu, na wewe una mtihani kesho.

Lakini kwa mtu wa Garissa jambo hili lina uzito mwingine usiopimwa kwa ufundi. Mkenya wa Kaskazini Mashariki amezoea kuulizwa yeye ni mtu wa wapi. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali iliendesha zoezi la kuwachuja Wasomali wa Kenya, na waliopita mchujo wakapewa kadi za rangi ya waridi. Kwa miongo kadhaa baadaye, kijana wa Wajir, Mandera au Garissa aliyetaka kitambulisho cha taifa alipitia kwanza mbele ya kamati ya kumchunguza, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri au Kisii hakufanyiwa. Ni Februari 2025 tu ambapo Rais William Ruto, akiwa ziarani katika eneo hilo, alitia saini tangazo la kuuondoa utaratibu huo.

Sasa mfikirie mteja wa Nakuru ambaye hajapata kuonja nyirinyiri, lakini ameisikia sifa. Anafungua tovuti na kukuta anwani inaishia .so. Papo hapo maswali yanaanza: je, mzigo unatoka Mogadishu? Kuna ushuru wa forodha? Pesa zangu zikipotea nitamshtaki nani? Wewe uko Kenya, mama yuko Kenya, ngamia mwenyewe alichinjwa Kenya, na bado umemfungulia mteja mlango wa kukuuliza lile swali la zamani. Kuandikisha .co.ke hakuna kamati ya wazee. Hakuna atakayetaka kujua babu yako alizaliwa wapi. Unalipa, unajaza jina lako na simu yako, na jioni hiyo hiyo wewe ni wa nasaba ya Kenya katika daftari la dunia. Mwandishi huyu haoni haya kusema kwamba jambo hilo lilimgusa moyo.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Ikiwa kazi yako ni kupeleka mizigo Kismayu au Mogadishu, na wateja wako wako huko, basi .so ndiyo mahali pake. Mkia huchaguliwa kwa kumtazama mteja. Kabila la mwenye duka halihusiki.

Ughaibuni na majina ya bure

Kaka yako naye ana haki yake. Mkia wa .com ulizaliwa mwaka 1985, na hadi leo mtu aliyesahau anwani hujaribu .com kwanza. Jamaa zetu walioko London, Toronto na Minneapolis hawana mazoea ya kuandika .co.ke. Ubaya wa .com ni mambo mawili. Kwanza, majina mafupi na matamu yalikwisha kuchukuliwa zamani, ndiyo maana unakuta watu wakiongeza vistari na tarakimu hadi jina likafanana na nambari ya gari. Pili, bei yake msingi wake ni dola. Waliolipia mapema mwaka 2024, dola ilipokuwa karibu shilingi 160, wanakumbuka. Daftari lenyewe linatunzwa na kampuni ya Verisign ya Marekani, na kwa hiyo sheria zinazolihusu ni za huko.

Ushauri wangu kwa mwenye wateja wa nyumbani na wa ng'ambo ni kuyachukua yote mawili maadamu yapo na uwezo upo: .co.ke iwe duka lenyewe, na .com iwe mlango wa nyuma unaompeleka mgeni duka hilo hilo. Kuna pia .africa, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017 baada ya ugomvi mrefu wa ni nani aitunze. Ni jina zuri. Lakini kwa nyirinyiri ya Garissa naona ni nguo pana mno.

Majina ya bure ndiyo ninayotaka uyaepuke kabisa. Kwa miaka mingi kampuni iitwayo Freenom iligawa bure majina ya mikia ya nchi kama Tokelau (.tk), Mali (.ml) na Gabon (.ga), na wanafunzi wengi wa Kenya walianzia hapo. Matapeli nao walianzia hapo hapo, kwa sababu ya ule ubure. Mwaka 2023 mambo yakaharibika: kampuni ya Meta, wenye Facebook, ikaishtaki Freenom, Gabon ikauchukua mkia wake na mamilioni ya majina yakafutwa, na mapema mwaka 2024 Freenom ikatangaza kuacha kazi hiyo. Waliokuwa wamejenga juu ya ardhi ile waliamka hawana hata jiwe.

Na kama wadhani herufi moja si kitu, sikiliza kisa cha Mali. Jeshi la Marekani hutumia mkia wa .mil. Mwaka 2023 magazeti ya dunia yalifichua kwamba maelfu ya barua pepe za wanajeshi zilikuwa zikiangukia upande wa .ml, kwa sababu tu waandikaji walisahau herufi i.

Mkia waweza hata kufa. Nchi ya Zaire ilikuwa na .zr. Mwaka 1997 Mobutu alipoangushwa na nchi ikarudia jina la Kongo, ukaja mkia wa .cd, na mwaka 2001 ule wa zamani ukafutwa kabisa.

Herufi na matamshi

Kabla hujalipa, litamke jina lako kwa simu kwa mtu ambaye hajawahi kuliona, kisha umwombe aliandike. Wengi hujikwaa hapa, na watu wa Kaskazini Mashariki wana mtego wao wa pekee. Katika maandishi ya Kisomali yaliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972, herufi x na c zina sauti za kooni. Hassan huandikwa Xasan, Abdi huandikwa Cabdi, na maziwa ni "caano". Lakini kwenye kitambulisho cha Kenya utakuta Hassan na Abdi. Ukiliita duka la maziwa kwa tahajia ya Kisomali, shangazi wa Hargeisa atalisoma bila taabu, ila mteja wa Buruburu atasema "kaano" na akija kuliandika ataanza na k. Ukiliita kwa tahajia ya Kenya, shangazi hatalipata. Ndiyo sababu napenda maneno kama "nyirinyiri" ambayo Mkenya yeyote aliyelisikia ataliandika sawa. Jihadhari pia na majina ya mahali: Modogashe nimeiona ikiandikwa kwa namna tatu, na Dadaab wengine huiondolea a moja.

Kwa wanafunzi nina neno la ziada. Msidhani kwamba mkia pekee ni dawa ya utapeli. Mtu yeyote aweza kununua .co.ke, mwema na mwovu. Na taasisi za umma zenyewe hazikufuata koo zao sikuzote: kwa miaka mingi wanafunzi wameomba mkopo wa HELB kwenye helb.co.ke na nafasi za vyuo kwenye kuccps.net, ingawa hizo zote ni za serikali. Wala .ke yenyewe si ngome isiyopenyeka. Aprili 2013 walioandika google.co.ke walijikuta kwenye ukurasa wa wavamizi. Kwa hiyo soma jina zima, kutoka kulia kwenda kushoto, kabla hujaandika neno lako la siri.

Jina la nani?

Sasa nikueleze lililotupata sisi wenyewe. Jamaa zetu walianzisha chama cha kuwalipia karo watoto wa ukoo walio shuleni huko Garissa na Ijara. Tukataka tovuti ili walio ng'ambo waone majina ya shule na hesabu za michango. Kijana mmoja fundi akajitolea, akatuandikishia jina lililoishia .org, tena jina zuri. Hakuna aliyemuuliza alijaza anwani ya barua pepe ya nani. Alijaza yake. Hakuwa na nia mbaya, naweza kuapa. Baadaye akapata kazi Ghuba, ile barua pepe akaiacha, na maonyo ya kulipia mwaka mpya yakawa yanaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Siku za neema zikapita, jina likarudishwa sokoni, na mtu tusiyemjua akalinunua.

Tuligundua kwa simu ya mzee mmoja wa London, mchangaji mkubwa, mtu wa msikitini. Alikuwa amefungua tovuti ya karo ya watoto akakuta matangazo ya kamari. "Ami," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, "pesa zetu mlikuwa mnacheza?" Ilituchukua muda mrefu kumweleza, na sina hakika kwamba alituamini. Michango ilipungua. Watoto wawili walikaa nyumbani muhula mzima. Tukaanza upya kwa .or.ke, safari hii kwa jina la chama na barua pepe ya chama, inayofunguliwa na watu watatu. Barua zote zilizochapishwa kwa anwani ya zamani tulizichoma.

Basi hilo ndilo jibu la swali la mama. Duka ni lenu ikiwa daftarini pameandikwa jina lake au la biashara yake, si la fundi, si la rafiki, wala si la wakala. Mwambie fundi akuonyeshe palipoandikwa jina la mwenyewe kabla hujamlipa. Barua pepe iwe ya jamaa, tena isiyotumia jina hilo hilo la tovuti, maana jina likizimika na barua pepe yake huzimika nalo. Neno la siri lijulikane na watu wawili. Wakala akikubali malipo ya miaka miwili au mitatu kwa pamoja, lipa kwa M-Pesa na uhifadhi ujumbe. Na tarehe ya kulipia tena iandikwe kwa wino kwenye kalenda ya ukutani kule Bula Iftin, karibu na ratiba ya swala, ambapo mama huipita kila siku, kwani wewe unabadilisha simu kila mwaka.